Mama Rola na Mkono wa Andayi

Wiki moja baada ya nyinyi vijana kuniaga kwa soda na keki nilipostaafu, nilirudi kiwandani kuchukua birika langu la chai, maana katika furaha ya kuniondoa mlilisahau juu ya dirisha. Nikapitia kwenye mashine ya kukamulia miwa, kama mtu anavyopita kumtazama ng'ombe aliyemlea. Nikakuta mdomo wake, ile njia ya bati ya kupitishia miwa hadi kwenye rola, umeng'olewa. Nilipouliza, mmoja wenu, niliyemfundisha mwenyewe kushika spana, akanijibu, "Mzee, hio kitu ilikuwa inatuchelewesha tu. Na wenye kiwanda wamesema ni sawa." Kisha akaendelea kusukuma miwa kwenye rola kwa mkono mtupu, huku akinitazama mimi badala ya kutazama kazi.

Nilichukua birika nikaenda zangu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikigombana na ukuta wa nyumba, na Jumamosi iliyopita mambo mengine yakatia kuni kwenye moto huo, mpaka mke wangu akasema ukuta umeshasikia vya kutosha, niwaandikie wahusika. Haya, wahusika ni nyinyi. Humu hamtasoma nilipandishwa cheo lini, kwa sababu ni habari fupi na haina utamu. Nataka mjue mdomo ule ulitoka wapi, nani aliyeuagiza, na ulipimwa kwa mkono wa nani.

Nilianza kazi Kakamega mjini, kwenye duka la vyuma la Rispa Nabwile, mjane aliyekuwa na kibanda cha mabati nyuma ya soko. Enzi hizo miwa ilikuwa imewaingia watu kichwani. Waliong'oa mahindi wakapanda miwa ni wengi, na jirani yangu mmoja wa Navakholo alipanda mpaka mlangoni pa choo, ikawa kwenda haja ni safari ya msituni. Viwanda vikubwa vilishindwa kumeza miwa yote. Basi kila mwenye injini ya dizeli na karai kubwa akaanza kupika jagari, yaani sukari guru, na kila mpika jagari alihitaji mashine yenye rola za kukamulia. Rola zilizopatikana zilikuwa kuukuu, zimeliwa na kazi zikawa laini, zikiacha nusu ya maji ndani ya makapi.

Siku ya kwanza nilikwenda na suruali iliyopigwa pasi, nikidhani kazi ya duka ni kusimama nyuma ya meza. Mama alinitazama kuanzia viatu, akanipa ndoo ya mafuta ya taa na rundo la beringi zilizoganda grisi. "Osha," akasema. "Ukimaliza utaniambia gani imekufa."

Sikujua beringi inakufaje. Alichukua moja, akaiweka karibu na sikio langu na kuizungusha polepole. Iliyo hai hunong'ona, iliyokufa husaga mchanga. Jioni suruali ilikuwa haitambuliki, nami nilikuwa nimejifunza jambo ambalo nyinyi, na simu zenu zenye kupiga picha kila kitu, bado mnanipigia kuuliza. Sikioni, vijana. Beringi husikizwa.

Kabla ya vyuma, Mama aliuza kuku, na nilipoajiriwa alikuwa bado hajawaacha. Wachina waliokuwa wakijenga barabara walikuwa na kambi nje ya mji, na wachuuzi wengi walipeleka kuku huko. Walipeleka kuku safi, waliokwisha kukatwa vichwa na miguu, kama wanavyopenda wateja wa hotelini. Wachina walikuwa wakilalamika: vichwa viko wapi, miguu iko wapi? Wachuuzi walicheka, wakaenda kuwasimulia wenzao sokoni, na kesho yake wakakata tena. Mama peke yake ndiye aliyepeleka kuku mzima. Nilimsikia akisema mara nyingi, "Mtu akikuambia anataka nini, unabishana naye ya nini?" Kwa muda mfupi lango la kambi likawa lake.

Aliyepokea kuku langoni ni kijana mtunza stoo, jina lake Wei. Kiswahili alijifunza hapo hapo kwa Mama, kwa hiyo alisema kama mwanamke wa soko la Kakamega, pamoja na kuvuta midomo akiambiwa bei. Siku moja aliona miwa kwenye mkokoteni akamwambia Mama kwamba kwao, kusini mwa China, wanalima hiyo hiyo, na mjomba wake ana kiwanda cha kuyeyusha chuma, anamimina rola za mashine za kukamulia. Mama alimfanya arudie mara mbili. Kisha akauza kuku wote waliobaki bandani, akaagiza rola.

Mjini walicheka mpaka wakashika mbavu. Kulikuwa na mwanamume mmoja mwenye duka la simenti, ambaye leo mnamwita Mwenyekiti na kumwinukia akipita. Jina lake sitaliandika, wino wangu ni wa kununua. Huyo alisimama barazani pake akasema ili kila mtu asikie, "Huyu mama ataletewa sahani za plastiki. Mtaniambia." Hata mimi, nilipokuwa nikienda kupokea mzigo, nilikuwa na wasiwasi wa sahani.

Zilikuja rola, nzito, zinang'aa. Tulizifunga kwenye kiwanda kimoja cha jagari huko Kabras, mchungaji akaomba, injini ikawashwa. Miwa haikuingia. Iliteleza juu ya rola na kucheza, ikarudi kumgonga aliyeisukuma. Watu walicheka, na mwenye simenti, aliyekuja kutoka mjini makusudi kushuhudia, alicheka kuliko wote. Wei naye alikuwepo, maana barabara ilikuwa imemalizika na alikuwa karibu kurudi kwao; aliketi juu ya rundo la miwa, akamenya muwa na kuutafuna. Akautema.

"Mama," akasema, "hii si miwa. Hii ni mti."

Ndipo tukaelewa. Kwao miwa hukatwa ingali mbichi na laini. Yetu hukaa shambani ikingoja trekta na ruhusa ya kukatwa mpaka inakuwa kuni. Wao hawakujua kuuliza, na sisi hatukujua kusema, kwa sababu nani huwaza kwamba miwa ya mwenziwe si kama yake? Mama hakumlaumu mtu. Aliniuliza tu kama naweza kuzifanya rola zishike. Nilichukua mashine ya kuchomelea, nikapiga nukta za chuma juu ya rola, moja baada ya nyingine, mpaka zikawa na ngozi ya fenesi. Nafasi kati ya rola niliipima kwa kipande cha springi ya lori, kile kile nilichowaachia kwenye kisanduku, na tafadhali kisigeuzwe kuwa kisu. Tulipowasha tena, miwa iliingia ikatoka makapi makavu. Vicheko vilikoma, na mwenye simenti akakumbuka kwamba ameacha duka bila mtu.

Tulipokuwa tunajaribu ndipo nilipoona jambo lililomkosesha Mama usingizi. Kwa kuwa miwa yetu ni migumu na imepinda, walishaji walikuwa wakiisukuma kwa kiganja hadi kwenye rola zenyewe. Sasa rola zilikuwa zinashika. Zilishika muwa, zikashika na mkono wa shati la mlishaji mmoja. Mungu ni mwema, mkanda wa injini ulikuwa umelegea ukateleza, shati likachanika, mtu akabaki na mkono wake. Wengine walimcheka kwa kukimbia. Mama hakucheka.

"Wei," akasema, "mjomba wako anitengenezee mdomo. Mdomo ya chuma, mrefu kuliko mkono ya mtu. Mtu asukume mpaka bega ligonge, na vidole visifike."

Wei aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuja kuliuliza tena baada yake. "Mkono ya nani?"

Mama aliita Andayi. Huyu alikuwa mpakuzi wetu wa mizigo, mtu mrefu kuliko wote sokoni, aliyefunga kamba za turubai juu ya lori huku amesimama chini. Alinyoosha mkono wa kulia, nikakata fimbo ya mkaratusi kutoka kwapani hadi ncha ya kidole, na Mama akaongeza shibiri yake. Andayi alikuwa akicheka kwamba tunampimia suti. Wei alifunga fimbo ile pamoja na nguo zake akaenda nayo kwao. Mashine zilizofuata zilikuja na mdomo wa bati nene, umefungwa kwa bolti nne, na sisi dukani tuliuita mkono wa Andayi.

Kabla Wei hajasafiri, Mama aliita wafanyabiashara wa mji kwake Lurambi wale chakula, ili waagize pamoja, mzigo uwe mkubwa na bei ishuke. Mnaona mtu alivyokuwa. Waliokuwa wamemcheka ndio aliowaalika. Palikuwa na obusuma, yaani ugali, na ingokho, kuku wa kienyeji, na kwenye bakuli juu kabisa firigisi, imondo, ambayo mnajua kwetu ni ya mwenye mji. Mwenye mji, mume wake, alikuwa marehemu. Yule wa simenti alinyoosha mkono kuichukua, bila hata kutazama kando.

Wei alimwinamia Mama akauliza, "Hio inakulwanga na nani?"

"Na mwenye nyumba," Mama akamjibu.

Wei alitazama nyumba, akatazama waliokuwepo, akainyakua firigisi kwa kijiko mbele ya mkono wa yule bwana, akaiweka kwenye sahani ya Mama. Kwao ndivyo mtu anavyomheshimu mwenyeji, kumwekea kilicho bora. Kwetu ilikuwa kama ameivua nyumba paa. "Mwanamke na imondo?" akasema wa simenti, akasukuma sahani, akaondoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja wakinawa mikono. Mama aliitafuna firigisi yote polepole, mimi na Wei na Andayi tukala kuku wa watu wengi.

Aliagiza peke yake. Miaka iliyofuata mashine zake zilikwenda Kabras, zikaenda Matungu, zikafika hadi Mautuma, na watu wakamwita Mama Rola. Wateja walilalamika kuhusu mdomo, kwa maneno yale yale yenu: unachelewesha. Ni kweli. Kwa mdomo, muwa uliopinda lazima ukatwe vipande kwanza. Mama aliwaambia, "Anayetaka bila mdomo, akanunue kwingine." Alikataa wateja wazuri namna hiyo mbele ya macho yangu. Na kwa kuwa hapakuwa na kwingine, walinunua, wakanuna, na vidole wakabaki navyo.

Kisha kwingine kukapatikana. Mwenye simenti alipanda ndege akaenda China, kiwanda kingine, na huko wakamuuliza kama kawaida yao anataka nini. Msinilaumie Wachina hapa. Mchina hukuuliza unachotaka na hukupa hicho hicho, ukitaka kizuri, ukitaka kibovu. Huyu alitaka mashine kama ya Mama Rola, ila ya bei ya chini. Wakamuuliza tupunguze nini? Akajisifu mwenyewe baadaye hotelini, nami nikiwa meza ya pili, jinsi alivyowajibu. "Nikawaambia, toeni hiyo domo. Hiyo ni ya nini, ni kama kofia kwa ng'ombe." Waliokuwa naye walicheka.

Mashine zake zilijaa kila mahali. Walishaji walilipwa kwa wingi wa miwa waliyolisha, na bila mdomo mtu alilisha haraka. Andayi alikuwa na watoto wa shule. Alituaga, akaenda kulisha moja ya mashine hizo Navakholo.

Siku hiyo kulikuwa na manyunyu na miwa ilikuwa inateleza. Niliitwa mimi, ingawa mashine haikuwa yetu, kwa sababu fundi wao alikuwa amekaa nyuma ya injini anatapika. Nilimkuta Andayi amesimama wima, mkono wa kulia umo ndani ya rola hadi juu ya kiwiko. Injini ilikuwa imezimwa. Rola hazirudishwi nyuma, vijana, sikilizeni hili: ukizungusha nyuma unachana kilichobaki. Unalegeza bolti za juu, kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka rola ya juu ijiinue yenyewe. Nilikuwa nikiharakisha, na yeye ndiye aliyenituliza.

"Fundi, polepole tu," akasema. Na nilipofika bolti ya mwisho akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia jembe lake, "Kwani ile mdomo yangu walipeleka wapi?"

Mpaka leo nikikaribia kulala hulisikia swali lile.

Mnadhani mji ulimshukia nani? Ulimshukia Mama. Walisema mashine za Wachina zinakula watu, na aliyewaleta Wachina ni nani? Mwenye simenti alisema hivyo kwenye baraza la chifu, kofia mkononi, sauti ya upole, na hakuna aliyemwuliza mashine ya Navakholo ilitoka duka gani. Mimi nilisimama nikasema, na nikaambiwa niketi, kwa vile mimi ni kijana wa huyo mama. Wateja waliacha kuja. Mama aliuza kerezo, ile mashine ya kuchongea vyuma, akauza mashine ya kuchomelea, akafunga kibanda. Mdomo mmoja ulibaki, alinipa. "Popote utaandikwa, funga hii," akasema. Nikaandikwa kwenu Kabras, nikaufunga. Ndio huo.

Sasa Jumamosi iliyopita. Chama cha wafanyabiashara kiliweka jiwe sokoni lenye jina la aliyefungua njia ya biashara kati yetu na China. Mmeshalisoma: jina ni la Mwenyekiti, yule wa simenti. Nilialikwa kama fundi wa zamani, kazi yangu ikiwa kupiga makofi. Mgeni wa heshima kutoka China alishuka garini, mzee mwenye mvi na miwani, akasalimu watu kwa Kiswahili cha wanawake wa sokoni. Wei. Alinishika mkono asiuachie. Wakati wa hotuba alikuwa akigeuka kutazama langoni, na kila akigeuka nilijua anamtafuta nani.

Chakula kilipoletwa, firigisi iliwekwa mbele ya Mwenyekiti. Wei akasimama. "Mwenyekiti, samahani," akasema. "Hio inakulwanga na mwenye nyumba. Mwenye nyumba ako wapi?"

Mwenyekiti akatabasamu, akisema mwenye nyumba ndiye yeye. Wei hakutabasamu. Alichukua sahani yenye firigisi, akanishika bega, tukatoka. Nyuma yetu kipaza sauti kikaomba watu waketi.

Mama anaishi pale pale Lurambi. Amerudia kuku wake. Andayi anaishi uani kwake na kumsaidia kuwalisha, kwa mkono mmoja, na hajaacha kuwa mrefu. Njiani nilimweleza Wei yote, maana hakujua, naye ameshika sahani juu ya magoti kwa mikono miwili. Tulipofika, Mama alimtambua kabla hajasema neno. Walishikana mikono muda mrefu. Kisha Wei akamwekea sahani mapajani.

Mama aliitazama. Akanigeukia mimi. "Fundi, ile mdomo ya kule Kabras, inakaa vizuri?"

Ningeweza kumdanganya. Ni mwanamke mzee, na siku ilikuwa ya furaha. Nikamwambia mmeung'oa.

Hakulia, wala hakuwalaani, na laiti angewalaani ningejisikia nafuu. Aliiondoa sahani mapajani mwake akamnyooshea Andayi. "Kula wewe," akasema. "Mimi bado sijashiba hasira." Andayi akaipokea kwa mkono wa kushoto. Mnajua kwetu mtu hapokei chakula kwa kushoto, wala hali kwa kushoto, mtoto akifanya hivyo anapigwa kofi. Alikula firigisi ya mwenye nyumba kwa mkono wa kushoto, na sote tulitazama chini.

Nimemaliza. Nimepita tena kwenu jana, sikuingia, nilichungulia uani tu. Mdomo uko nyuma ya stoo, umeegemezwa ukutani, na kuku wa mlinzi ametagia ndani. Bolti nne za akiba zimo kwenye kopo la maziwa, rafu ya juu, nilizipaka grisi mwenyewe kabla sijastaafu. Mtoeni kuku yule taratibu, hana kosa, muufunge mdomo mahali pake. Kisha mwenye mkono mrefu kuliko wenzake aje mbele, ausukume ndani mpaka bega ligonge.